Kitabu cha Vietnam Kilichobaki Kakuma

Sijawahi kuona shamba la mpunga, lakini miaka ya tisini, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi Lodwar, niliandika kurasa kumi juu ya vyuo vikuu vya Vietnam. Nilikuwa nasoma diploma kwa posta, na chuo changu cha ng'ambo kilitaka tueleze jinsi nchi ile ilivyofungulia dunia milango na vyuo vyake vikabadilika. Sikulalamika. Ukiwa na kitabu kivulini, joto la Lodwar linavumilika.

Aliyenitia wasiwasi ni rafiki yangu wa Kakuma, mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan, aliyefundisha hesabu kambini. Kwao alisoma chuo miaka mitatu, kwa Kiarabu, kabla vita havijamtoa. Nilimsihi ajiandikishe chuoni kwangu.

"Mimi nilisoma na Kiarabu," akasema. "Sasa nianze Kiingereza, mwaka ya kwanza, na hii mvi?"

Jumamosi moja nikapanda lori hadi Kakuma, nikiwa na kitabu changu cha somo lile la Vietnam. Nikamsomea ukurasa mmoja tu: wahadhiri wa Vietnam waliosomea Urusi, wakafundisha kwa vitabu vya Kirusi, sasa wanajifunza Kiingereza madarasani, bega kwa bega na vijana waliokuwa wanafunzi wao.

"Hata profesa?"

"Hata profesa."

Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akanyoosha mkono. "Nipe hiyo kitabu."

Wasiotujua hudhani sisi Waturkana ni ombaomba. Kwetu, kumwomba mtu kitu chake waziwazi ni kumwambia kwamba yeye ni wako. Kila nikifika kwake niliomba: sukari, sabuni, hata shati. Alinipa vyote, lakini yeye hakuwahi kuniomba chochote, na hilo liliniuma. Sasa ameomba, tena kitabu cha mtihani wangu, na umebaki mwezi mmoja. Ningefanya nini? Nikampa.

Mtihani nilianguka. Mke wangu alinicheka wiki nzima, nami nikamjibu kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mwaka uliofuata niliurudia, palepale Lodwar. Kwenye meza ya mbele yangu alikaa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mzee kuliko msimamizi. Karatasi zilipogawiwa, rafiki yangu wa Kakuma aligeuka, akanitazama, kisha akainama kuandika. Nilijawa na furaha hata nikachelewa kusoma swali la kwanza.