Nilivyomwendea Kiumbe wa Bluu Kasulu

Jamani, nichekeni tu. Mimi ni daktari wa mifugo hapa Kibondo. Kutambua jike na dume ndiyo kazi yangu, na bado nimeaibika.

Nilihamishiwa huku peke yangu. Jioni nikifunga mlango, hakuna anayebisha hodi. Nikaanza kucheza gemu ya anga kwenye simu, ambamo wachezaji hujifanya viumbe wa sayari za mbali na kuandikiana. Nikazoeana na mmoja aliyechagua kiumbe wa bluu, kiuno chembamba, kope ndefu, mwendo wa madaha. Ndiye pekee aliyeniuliza kama nimekula. Aliposema anaishi Kasulu, sikuuliza zaidi.

Jumamosi nikajipulizia marashi, nikanunua kitenge, nikapanda basi. Kwenye mgahawa tuliokubaliana, mwanamume mwenye ndevu nyingi aliinuka akanikumbatia.

"Ndiye mimi, kaka! Na huyu ni mke wangu."

"Mwakeye, shemeji," mkewe alinisalimu kwa Kiha. Akakiona kitenge mkononi mwangu, akakipokea kwa mikono miwili. "Asante! Umenikumbuka hata hujanijua."

"Karibu, shemeji," nikajibu.

Mumewe alinitazama, akanusa marashi, tabasamu likamwisha.

"Kaka, ulidhani mimi ni mwanamke?"

Nikainama.

"Viumbe wale hawana jike wala dume," alisema kwa upole. "Wote wana umbo lile lile."

Mkewe akakunjua kitenge, akauliza kwa sauti iliyosikika mgahawa mzima:

"Kumbe hiki ulimletea mume wangu?"