Kafi la Janvier

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, ukungu ule wa Kivu unaofanya ziwa na mbingu viwe kitu kimoja. Sisi wauza sambaza, dagaa wa ziwa hilo, tulikuwa ufukweni na mabeseni yetu, tunangoja. Wavuvi wetu huimba wakipiga kafi, kwa hiyo wimbo ulifika kwanza, bila mitumbwi, kama vile maji yenyewe ndiyo yanaimba. Sauti ya Janvier, kijana mmoja wa wavuvi hao, haikuwemo.

Nakuandikia haya kwa sababu kesho unaenda kwenye mafunzo yale, pamoja na walimu na wauguzi, mfundishwe kumtambua kijana anayevutwa na watu wa bunduki. Mimi niliyapitia. Wenzangu walinichagua, sijui kwa nini, maana shule yangu ni ndogo. Nilikuwa na mvi tayari, lakini kwa kazi ile nilikuwa mtoto mchanga. Mwalimu wetu, simsingizii, alitufundisha vizuri. Kijana akijitenga, akiacha alichokuwa anapenda, mumuangalie. Alisema pia kwamba hizo ni dalili tu, huenda mtu ana msiba wake.

Basi, mitumbwi ikatoka ukunguni, mitatu imefungwa pamoja kwa miti, na Janvier amekaa mahali pake, kimya. Familia yake ilirudi huku kwetu kutoka Kongo, ng'ambo ya mpaka. Baba yake alifia kule, ng'ombe wao wakanyang'anywa. Siku hizo kijana alikuwa anazungumza na simu tu. Nikamwendea Muzee Sembagare, mkubwa wa mitumbwi ile, nikamwambia hofu yangu, na kwamba nataka kumpigia simu mwalimu wa mafunzo.

"Mama Odette, umemuona, sawa," akasema huku anakung'uta wavu. "Ulimuuliza?"

"Nimuulize nini?"

"Bon! Kila siku unabishana na wanunuzi wote wa kutoka Goma, leo mutoto mumoja anakufunga kinywa?"

Wavuvi wakacheka. Yeye hakucheka.

Nikakaa na Janvier kwenye mawe. Maneno yote ya mafunzo yalinitoka. Nikauliza lililokuja mdomoni: "Umekula?"

Akaiweka simu yake juu ya jiwe.

"Iko mutu ananipigiaka simu kila asubuyi," akasema. "Ni yeye tu anaulizaka vile."

"Anataka nini?"

"Nivuke mupaka siku ya Mungu. Watanipa bunduki, nirudishe ngombe za baba."

"Mimi siwezi kukurudishia ng'ombe," nikasema.

"Najua, mama."

Nikamweleza juu ya mwalimu wangu, nikamuuliza kama tutaenda wote. Ukungu ulikuwa unapanda taratibu, milima ya ng'ambo inaonekana na kupotea. Mwisho akasema, "Twende. Lakini usiniache ku mulango."

Sikumwacha. Mwalimu alimsikiliza bila haraka, akatafuta wengine wa kusaidia, maana mtu yule wa simu hakuwa wa kushindana naye muuza samaki. Siku hizo, akiwa na wasaidizi hao, Janvier hakwenda ziwani. Muzee Sembagare aliliweka kafi lake mahali pake, na mwingine alipotaka kulishika, akamfokea: "Acha! Iko na mwenyewe." Wakapiga makafi kwa taabu, upande wa Janvier ukiwa na nguvu pungufu.

Jumapili, siku ile ya kuvuka, ikapita. Janvier hakuvuka. Ni nini kilichomzuia? Pengine mwalimu, pengine kafi, pengine woga wake mwenyewe. Sitaki kujitwalia sifa nisiyoijua. Najua tu kwamba asubuhi nyingine ya ukungu, wimbo ulipofika, nilimsikia ndani yake.

Basi mwanangu, yashike watakayokufundisha, yana faida. Ukiziona dalili, usizifiche, wala usizibebe peke yako. Lakini kabla ya kumtaja mtu, mkaribie, muulize amekula, na ungoje jibu. Ukimpeleka mahali, ingia naye. Na nafasi yake isipewe mwingine.

Mungu akupe sikio lisilochoka. Na siku ukungu utakapokufunika wewe, uwakute watu waliokuwekea kafi lako.