Alama Niliyoweka Nikiwa Njiani

Kazi yangu mwaka ule ilikuwa kuisahihisha kompyuta. Wenzetu wa mjini waliionyesha picha za zamani za ardhi ya kati ya Kasongo na Kabambare, zilizopigwa kutoka angani, kisha wakaitaka ikisie: leo hii, wapi pamebaki msitu na wapi pamekuwa shamba? Ikakisia. Kilichobaki ni mtu wa kwenda kuangalia kwa macho yake. Mtu huyo nilikuwa mimi, agronomu, yaani bwana shamba, mwenye pikipiki na magoti mabovu.

Nilipewa karatasi yenye nukta za kutembelea na simu ya kunielekeza. Kila nilipofika nilitakiwa kuingia hadi kwenye nukta yenyewe, nitazame pande zote, kisha niweke alama kwenye kisanduku kimoja kati ya viwili: msitu au shamba. Sikutakiwa kujua mapema kompyuta imesema nini. Lakini nakala ya ramani yake ilikuwa mfukoni mwangu, na sitadanganya, nilikuwa naichungulia.

Siku za mwanzo nilitembea kifua mbele. Kompyuta ilikuwa inapata karibu kila mahali, nami nilijisikia kama niliyeifundisha. Mkuu wetu wa timu, mama asiyecheka ovyo, ndiye aliyenipunguza makali.

“Usifurahi mbio,” aliniambia. “Udongo mwingi haubadilikake. Hata mutu mwenye anasema tu ‘kila kitu itabakia vile iko’ angepata muzuri. Miye nataka kujua kama ile mashine inajua pale penye pamebadilika.”

Kwa hiyo nukta chache za mahali palipobadilika ndizo zilizokuwa mtihani wenyewe. Nilielewa, nikaitikia kwa kichwa, nikaendelea na mwendo wangu ule ule.

Nukta moja iliangukia nyuma ya Lusangi, kijiji alikozaliwa mke wangu. Niliegesha pikipiki, nikafuata kijia, na kando yake nikaona kikapu ninachokijua. Ndani ya miti panga lilikuwa linakata kuni. Mwenye kikapu na panga alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu mtu hamfuati mama mkwe wake porini. Mkikutana njiani unasogea kando, unatazama chini, anapita. Kumwibukia akiwa peke yake kati ya miti, amejifunga kitenge cha kazi, ni aibu ambayo mke wangu angenikumbusha hadi uzeeni. Nilisimama pale nikisubiri amalize. Hakumaliza. Nikatazama nilipoweza: miti mirefu, kamba za porini, kivuli kizito. Ramani mfukoni ilisema msitu. Nikaweka alama kwenye msitu, nikaikokota pikipiki hadi mbali ndipo nikaiwasha, ili asijue hata kwamba nilikuwepo.

Wiki chache baadaye mke wangu alirudi kutoka kwa mama yake, akapita mlangoni bila kunisalimia. Ramani yetu, pamoja na alama zangu, ilikuwa imefika kwa chifu wa kijiji. Kila mahali palipoandikwa msitu usiobadilika palitakiwa kuingia ndani ya mpaka wa msitu wa hifadhi, ambamo hakuna mtu atakayekata mti tena. Kile kipande nyuma ya Lusangi kilikuwamo. Kumbe kilikuwa shamba la marehemu baba mkwe. Mama alikuwa amelipumzisha miaka mingi, na msimu huu ndio alikuwa anataka kulifyeka apande mpunga. Vipande vyake vya karibu na nyumba vilikuwa vimechoka, muhogo unatoa mizizi kama vidole. Bila kile hakuwa na pa kulima.

“Nani alienda kuangalia?” mke wangu aliuliza.

“Ni miye.”

“Na ulifika mule ndani?”

“Mama alikuwa mule.”

Angenilaumu vipi? Kosa langu lilikuwa adabu.

Tulirudi Lusangi pamoja. Mama mkwe alitangulia, mke wangu katikati, mimi nyuma macho yakiwa kwenye visigino vya mke wangu. Safari hii niliingia ndani. Mama alizungumza na binti yake tu, kwa sauti ya kutosha kijiji kizima.

“Mwambie bwana yako atazame pale. Pori haipandake michikichi kwa mustari.”

Michikichi ilikuwepo, imenyooka, ya mkono wa mtu. Chini yake, yakiwa yameota kuvu, mawe matatu ya jiko la kibanda cha shambani. Visiki vyenye makovu ya moto. Haya yote yalikuwa hatua chache kutoka pale niliposimama siku ile. Niliona haya kwelikweli. Kwenye karatasi hapakuwa na kisanduku cha shamba linalopumzika, basi niliandika pembeni kwa mkono, nikampelekea mkuu wetu maelezo na picha.

Alinipigia simu. “Kisanduku kukosa, ile ni kosa yetu,” alisema. “Lakini kuweka alama ukiwa njiani, ile ni yako.” Akanieleza nilichokuwa nimefanya: pale nilipochungulia ramani na kuinakili, nilikuwa naisahihisha mashine kwa majibu yake yenyewe. Ingekosaje kufaulu?

Mpaka ulikuwa bado haujatiwa saini. Kipande cha mama kilitolewa. Nilimpelekea habari mimi mwenyewe, nikiwa na mke wangu, nimebeba na sukari, kwa sababu nilitaka kusamehewa na sukari husaidia.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka akimenya muhogo, amenipa mgongo nusu kama inavyotakiwa. Alimwambia binti yake aniambie asante. Nikajibu kupitia binti yake kwamba si kitu. Nilikuwa nimeanza kupumua vizuri, hata nawaza kama nitapewa chakula.

“Mukwe,” akasema, safari hii kwangu mimi.

Nilitazama chini. “Ndiyo, mama.”

“Na pale pengine penye uliandika, ulifika ndani?”

Nikakumbuka kilima chenye matope, ambako magoti yalikataa. Nikakumbuka siku ya mvua, na kijiji ambako niliona miti kwa mbali nikasema inatosha.

“Si pote, mama.”

Kisu kilisimama kwenye muhogo.

“Sasa wale wenye hawana mukwe kwa kazi yenu, watalima wapi?”

Mke wangu hakuwa na haja ya kunifikishia hilo. Asubuhi niliiacha ramani mezani, nikawasha pikipiki, nikarudi kwenye nukta ya kwanza.