Mkata Nyama na Kilatini Chake

Mkata nyama wetu wa mtaa wa Lozells, huku ughaibuni, aliwahi kusoma seminari, na hakuachi usahau. Tukichoma mbuzi nyuma ya nyumba, hata mvua ikinyunya, kisu hukishika yeye, na minofu mizuri huishia kinywani mwake, eti anaonja chumvi. Jumamosi alitufafanulia neno la Kiingereza, magnanimous. “Ni Kilatini, ndugu zangu! Magnus ni kubwa, animus ni roho. Mtu wa roho kubwa, asiyejipendelea!” Mafuta yalikuwa yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Mama Chepkoech, aliyetoka zamu na njaa yake, akanyoosha sahani. Kwenye ubao wa kukatia nyama palibaki mfupa na kachumbari tu.

“Na hiyo roho kubwa, baba, umeila pia?”

Akainua kidole kumwomba asubiri. Alikuwa bado anatafuna.