Mashine Iliyoshindwa, Mama Akainunua

Piano ya zamani ikifunguliwa ina harufu yake peke yake: vumbi, chuma, sufu iliyoliwa na nondo, na mkojo wa panya. Mwezi uliopita nilikuwa kwa rafiki yangu kule Golf, mtaa wa wenye nazo, kijana mmoja akaja kuakorde piano yao, kuinyoosha sauti, akafungua kifuniko, na harufu ile ikanifikia kabla sijamaliza chai. Akaweka simu yake juu ya piano, akawa anakaza nyuzi huku macho yakiwa kwenye taa za kijani za ile simu. Rafiki yangu akaniambia, "Unaona? Siku hizi telefone inafanya yote." Nikanywa chai yangu kwa adabu. Lakini ninyi nawaambia ukweli: damu ilinichemka, na kijana wa watu hakuwa na kosa lolote. Moyoni nilikuwa nimerudi darasa la sita.

Mama yangu alikuwa accordeur, fundi wa kurudisha sauti za piano mahali pake. Alifundishwa na baba yake, aliyekuwa akitunza piano za klabu ya watu wa reli. Alifanya kwa masikio tu. Anagonga noti, anasikiliza nyuzi zinavyogombana, anazungusha ufunguo wake wa chuma hadi zipatane. Mwanamke mwingine wa kazi hiyo hapa Lubumbashi sikumwona. Akitokea mtu wa kumwambia ni kazi ya wanaume, mama alimjibu bila hata kugeuka, "Piano haina bwana," kisha akaendelea kukaza.

Nilipokuwa darasa la tano, zile nyuzi nyembamba za mwisho upande wa kulia zikaanza kumtoroka. Tulikuwa wawili tu kwenye salle, ukumbi wa parokia. Aligonga noti, akainamisha kichwa, akagonga tena.

"Mwana, unasikia nini pale?"

"Iko chini, mama. Inatetemeka."

Aliweka ufunguo chini. Halafu akaniomba nisimwambie mtu, hata baba. Accordeur asiyesikia, nani atamwita tena?

Basi tukabuni namna yetu. Kwenye nyumba za Golf nilikaa sakafuni chini ya piano, miguuni pake, kama mtoto aliyekosa wa kumlea nyumbani. Mabibi wa nyumba walinionea huruma, wakanipa biskuti. Kumbe niko kazini. Noti ikiwa chini, navuta kikwembe cha mama, kitenge alichojifunga, mara moja. Ikiwa juu, mara mbili. Ikifika mahali pake, naweka kiganja kwenye mguu wake, anaacha kuzungusha. Siku moja mbwa wa nyumba alivuta kikwembe kabla yangu, mama akakaza uzi hadi ukakatika, na tulicheka njia nzima kurudi.

Nilijiona mtu mkubwa. Wenzangu walikuwa darasani wakikariri mito ya Kongo, mimi niko mjini na mama, nashikilia siri yake na chakula chetu. Sikuhesabu siku za shule nilizokosa, wala sikutaka kuzihesabu. Nikiwa darasa la sita niliona mwalimu wetu amemwita mama kando baada ya misa, wakaongea kwa sauti ya chini. Nikadhani wanaongea mambo ya kwaya.

Wiki iliyofuata mama akaanza kutafuta mashine.

Alianza na kisanduku kidogo cha watu wa gitaa. Kwenye noti za katikati kilijitahidi, kwenye zile nyembamba kikalala usingizi. Akaazima simu ya binamu yake yenye programu ya kupima sauti. Hiyo ilisikia kila kitu: piano, jogoo wa jirani, pikipiki inayopita, na vyote ikavipa jina la noti. Nilicheka mpaka tumbo likaniuma. Mwisho akaja mfanyabiashara mmoja anayeleta mizigo kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na mashine ya kweli ya piano, yenye duara la taa zinazozunguka na kusimama sauti ikikaa sawa. Hapo nikaacha kucheka.

"Tutaijaribu kwanza," mama alisema. "Hiyo mashine na weye."

Mfanyabiashara akatuazima, tukaenda nayo parokiani Jumamosi. Mama alimwita maestro wa kwaya, mzee asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mtu. Akamwambia tu kwamba anataka kulinganisha kazi mbili. Kwanza akakaza zile noti za mwisho akifuata taa. Maestro akacheza, akakunja uso. Halafu mama akazikaza tena zilezile, mimi niko chini, navuta kikwembe. Maestro akacheza wimbo mzima wa matoleo, akaurudia.

"Ya pili njo muzuri," alisema. "Ile ya kwanza iko sawa, lakini haiimbe. Ya pili inaimba."

Nilitoka chini ya piano na vumbi kichwani, nimeshinda mashine. Niwaambie nilivyojisikia? Nilitaka kengele za parokia zipigwe.

Mama akamshukuru maestro, akafunga kifuniko. Tukaenda moja kwa moja kwa yule mfanyabiashara, na mama akainunua mashine.

Nilidhani sijaona vizuri. Nilimwuliza pale pale mbele ya watu, "Mama, si miye njo nilishinda?" Akasema, "Niliona." Nikamwuliza tena, akanishika mkono tukaondoka. Jumatatu akanipeleka shule mwenyewe hadi mlango wa darasa, na toka siku ile hakunichukua tena kazini. Nilikataa chakula chake siku mbili. Mtoto gani anashindanishwa na chuma, anashinda, halafu chuma ndicho kinachukuliwa? Hata mpira wa mtaani hauchezwi hivyo. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni, na hizo ni mbili tofauti.

Mashine haikumsaidia sana. Maestro akaacha kumwita, kwa heshima, polepole. Mabibi wa Golf wakapata fundi mwingine. Mama akauza ufunguo wake, akarudi kijijini Lukafu kwenye mashamba ya nyumba yao. Mimi nikasoma, nikamaliza, leo napima madini kwenye maabara. Na miaka yote hiyo sikumwuliza tena. Nilikasirika kimyakimya, mimi ambaye kukasirika kimya siwezi.

Mwezi uliopita, baada ya yule kijana wa Golf, nilipanda gari hadi Lukafu. Nilimkuta mama anapukuchua mahindi. Sasa lazima umpigie kelele ndipo asikie, kwa hiyo majirani wote walipata habari zetu.

"Mama, ile machine, ulinunulia nini? Miye njo nilishinda!"

Hakushangaa. Alipukuchua hindi lile hadi mwisho.

"Juu ya vile ulishinda," alisema. "Mwalimu alinambia, huyu mutoto akikosa tena, hatapita examen. Nikasema, tuone kwanza. Kama ungeshindwa, ningenunua bila kufikiri. Lakini ulishinda. Maestro alicheza ile wimbo, nikajua: kama sinunue leo, sitakuacha tena uende shule hata siku moja. Ungezeekea chini ya piano ya watu, sababu ya maskio yangu."

"Na kazi yako?"

"Nilijua itakufa. Maestro alisema ile ya mashine haiimbe, si ulimusikia?"

Nilikasirika upya, pale pale kati ya magunzi. Nilimwambia angeniambia, hata neno moja, nisibebe hasira miaka yote hii. Akanitazama kama anavyomtazama mtu anayetaka kununua mahindi kwa bei ya mchezo.

"Ningekuambia, ungekubali kuniacha?"

Nikavuta kiti, nikachukua hindi, nikaanza kupukuchua.