Santuri Isiyofungwa

Kosmasi wa Bwera aliogopa maji. Si ya kuoga, msimtanie mzee wa watu. Aliogopa maji yanayotembea. Mto Lhubiriha ulipita nyuma ya nyumba yake, na kila radi ilipovuma milimani aliacha chakula mezani akaenda kuutazama. Majirani walisema mzee kaanza kuchanganyikiwa. Mkewe Tabisa, aliyejua chanzo, alikifunika chakula akasubiri.

Waliomwona akiuza kahawa kwa debe sokoni hawakujua kwamba huyu aliwahi kuwa mwanamuziki, tena si wa kwaya! Katika miaka ya sabini, vijana wanne wa Kasese waliazima magita ya umeme kwenye klabu ya wachimba shaba, wakaanza kupiga roki. Na roki yenyewe ile ya kuzungusha kichwa: wimbo mmoja robo saa nzima, gita linalia, linakohoa, linalia tena, na msikilizaji hajui acheze au akimbie. Bwambale alikuwa kiongozi, gita lake na sauti yake. Eridadi alishika besi, Baker ngoma, Kosmasi kinanda. Wazazi wao waliona aibu kubwa.

Wakatunga santuri moja yenye hadithi moja, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Mtu anapanda Rwenzori kuiomba barafu ishuke, maana bondeni kuna ukame na ng'ombe wanakufa. Barafu inamsikia. Inashuka, inajaza visima, inajaza mashamba, inaingia majumbani, na yule mtu hajui namna ya kuisimamisha. Jina la santuri likawa Barafu Inashuka. Bwambale alitaka mwishoni iingie endara, yale magogo ya mti yanayolazwa juu ya migomba na kupigwa kwa fimbo na watu kadhaa pamoja.

Sasa hapo ndipo penye neno. Katika ukoo wa Kosmasi endara haikuwa kitu cha kugongagonga ukichoka kukaa. Babu yake aliipiga kwa kumwita mwenye maji ya milimani, na aliyeita alipaswa kufunga: kuna mapigo ya polepole, yanayopigwa na mikono ileile iliyoita, kumwambia aliyeitwa kwamba shughuli imekwisha, arudi kwake. Mzee aliwafundisha vijana wote wanne, akawaruhusu kwa sharti moja. "Pigeni hata mbele ya mashine," alisema. "Lakini mkiita, mfunge."

Walifika studio Nairobi, wakaita, wakafunga vizuri kabisa. Kumbe santuri ina kipimo chake! Fundi aliwaambia upande wa pili umejaa, haubebi zaidi, lazima kitu kikatwe. Wakate gita la Bwambale? Thubutu! Wakatazamana, kisha Kosmasi, aliyelijua sharti la babu kuliko wote, akaitikia kwa kichwa. Alikuwa kijana, alitaka santuri yenye jina lake. Mapigo ya kufunga yakaondolewa, na ukanda wenye mapigo hayo fundi akarekodia kwaya juu yake. Santuri ikaishia katikati ya mwito, ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Ilipotoka, watu waliinunua kwa udadisi, wakaiacha. Haichezeki, walisema. Kabla ya mwaka kuisha Eridadi alizama Ziwa George, karibu na Muhokya, siku ambayo ziwa lilikuwa limetulia. Walimlilia, wakamzika, na hakuna aliyewaza zaidi ya msiba.

Baadaye sana, katika miaka ya themanini, mfanyabiashara mmoja akainakili kwenye kanda, na madereva wa malori wakaisambaza mpaka Beni na Butembo. Kanda zikiwa bado zinauzwa barabarani, Baker alivuka mto Nyamugasani mahali alipopavuka tangu utotoni, na hakutokea upande wa pili. Kwenye mazishi hayo Kosmasi alikumbuka sharti la babu, akaanza kuogopa maji. Akaacha muziki, kinanda chake akampa mchungaji.

Mwaka 2013 kampuni moja ya ng'ambo, iliyookota nakala sijui kwenye mnada gani, ikaitoa santuri upya bila hata kuuliza kama wenyewe wako hai. Wezi wakubwa! Lakini Bwambale alifurahi kama bwana harusi: eti sauti yake inasikika Ulaya. Kosmasi alikwenda Kasese kumsihi ahame pale alipojenga, kando ya mto Nyamwamba. "Wewe Kosmasi," Bwambale alicheka, "umekuwa mlokole au mchawi?" Mwezi wa tano Nyamwamba ulishuka kutoka milimani na mawe na miti yake, ukabeba nyumba na waliokuwemo. Bwambale alikuwemo.

Akabaki mmoja.

Ndiyo maana Huzaifa alipokuja kwake mbio, miaka miwili baadaye, Kosmasi alijua kabla hajaambiwa. Huzaifa huyu, mwenye Kiswahili cha Beni, aliuza redio na simu pale Bwera, mtu mwema, mcheshi, mwepesi wa kufurahia mambo ya wenzake.

"Mzee, iko batu ya Ulaya banakutafuta! Kampuni ingine, ya bukweli. Banataka kutoa santuri yenu na ruhusa."

"Ruhusa sitoi."

"Batatoa tu, mzee. Batoto ba Bwambale banaisha kukubali."

Kosmasi alikaa kwenye benchi la uani. Aliutazama mkono wake uliolala juu ya goti. Halafu akasema kuna kipande kilichokatwa zamani, na kwamba yuko tayari kukipiga upya, mradi wakiweke kwenye santuri. Huzaifa akapiga simu palepale, akarudi anacheka. Wazungu wamefurahi mno, wanakingoja.

Basi akachonga magogo. Tabisa alikata migomba, wakailaza uani, wakapanga magogo juu yake. Kijijini alikuwa na vijana wa kutosha wa kumsaidia, lakini mikono yao haikuita, kwa hiyo isingeweza kufunga. Akaketi peke yake. Huzaifa akawasha mashine ya kurekodi, na Kosmasi akapiga sehemu yake tu, polepole, akiacha kimya pale ambapo Eridadi angeingia, kimya pale pa Baker, kimya kirefu pale pa Bwambale. Tabisa aliyesimama mlangoni alishindwa kujizuia, akajifunika uso kwa leso akalia. Kosmasi alimaliza, akaweka fimbo chini, akaenda kulala mchana kweupe. Jioni hiyo radi ilivuma, na kwa mara ya kwanza alikula chakula chake kikiwa moto.

Alikuwa mtu mpya, miezi yote ile. Akawa anacheka. Siku moja Tabisa alimkuta ameketi kwenye jiwe kando ya Lhubiriha, miguu imo majini, anaimba kwa kunong'ona. "Baba Benon," alimtania, "nani kakubadilishia mume wangu?"

Santuri ikafika mwishoni mwa 2016, msimu wa mvua. Huzaifa aliiweka kwenye mashine dukani, akafunga mlango ili kelele za barabarani zisiingie. Jalada lilikuwa zuri, majina yote manne yapo. Sindano ikashuka. Kosmasi, aliyetarajia gita la Bwambale, akasikia magogo yake mwenyewe. Polepole, na vile vipindi vyake vya kimya.

"Hii si ya mwanzo," alisema.

"Iko ya mwanzo, mzee. Angalia, banaandika hapa: namba moja."

"Huzaifa. Hii ni ya kufunga."

Lo! Tangu siku ya simu hadi siku ya kurekodi, hakuna aliyewaambia wale watu kipande kiwekwe wapi. Kosmasi hakusema, maana kwake lilikuwa jambo la kumwambia mtoto mdogo: nani asiyejua kwamba unaita kwanza, ndipo unafunga? Nao wakaona ni muziki wa taratibu, wenye huzuni tamu, unafaa sana kumkaribisha msikilizaji. Kosmasi na Huzaifa walisikiliza santuri yote, upande wa kwanza, upande wa pili. Barafu ikashuka, ikajaza visima, ikaingia majumbani. Endara ya wale vijana wanne ikaita kwa nguvu zote, ikaita, ikakatika.

"Wapigie," Kosmasi alisema. "Wairudishe."

Huzaifa hakucheka tena. "Mzee wangu, inaisha kutoka. Iko mpaka kwa simu za batu. Dunia muzima inaisikia."

Kosmasi alirudi nyumbani akilowa, hakuharakisha. Hakwenda kuutazama mto. Ulisikika vizuri kutoka mlangoni. Alimwambia Tabisa yote, bila kumficha, kisha akamwambia aende kwa dada yake kijijini Munkunyu, kule nyumba ilikojengwa juu kilimani, aondoke kabla barabara haijaharibika.

Tabisa hakubisha. Alitandika kanga kitandani, akafunga nguo zake, akatandika nyingine akaanza kufunga za mumewe: suruali, koti la kanisani, sweta.

"Hizo nyingine ni za nani?"

"Zako, Baba Benon. Si tunakwenda wote?"

"Mama Benon, maji hayakutafuti wewe. Nikija kule, yatanifuata kule." Akavuta fundo la kanga ya pili, akalifungua, akaanza kuzirudisha nguo zake kabatini, moja moja.