Mafuta ya Makonyo kwenye Kompyuta ya Usama

Mzee Nyange wa Vitongoji alikaa miaka ishirini na mbili kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu, zamu ya tanuri, na alipostaafu alitoka na chupa moja aliyopewa na wenzake, pamoja na imani kubwa juu ya kilichomo. Jino likiuma, mafuta. Utomvu wa fenesi ukiganda viganjani, mafuta. Grisi, lami, rangi iliyodondokea vigae vya mtu, vyote alivitoa kwa pamba na matone mawili. Majirani walimcheka mchana, na jioni wakaja na vichupa vyao kuomba kidogo.

Yeye na mkewe, Bi Kijakazi, walijaaliwa watoto wawili wa kiume. Mkubwa, Bakari, aliondoka miaka saba nyuma kwenda Afrika Kusini, na simu yake ya mwisho ina miaka minne. Nyumba ile jina lake halitajwi wakati wa kula, maana likitajwa tu Bi Kijakazi huisukuma sahani. Mdogo ni Usama. Huyu alimaliza chuo, akavizungusha vyeti vyake maofisini mpaka bahasha ikachanika pembe, kisha akarudi nyumbani na kujifungia na kompyuta yake ya gemu, moja ya zile za mitumba zinazokuja na makontena, yenye kioo ubavuni na feni zinazowaka taa za rangi.

Mzee aliiona kompyuta ile kama ugonjwa, mpaka siku Usama alipomkalisha akamweleza. Vijana wa Vitongoji wanakwenda mpaka Gombani kucheza mpira wa kompyuta kwa kulipia. Kwa nini wasicheze hapa? Chumba cha mbele kipo, televisheni ipo. Kinachokosekana ni prosesa, ule ubongo mdogo wa mashine. Iliyomo ni ya zamani, na mpira wa mwaka huu umeishinda: wachezaji wanaganda katikati ya mbio, golikipa anaruka wakati wenzake washarudi kati kuanza upya.

Upande wa pili alikuwepo Mjomba Haroub, kaka yake Bi Kijakazi, aliyeko Maskati. Ameshamtafutia Usama nafasi kwenye kiwanda cha mikate, na anataka jibu kabla ya mwezi kwisha.

"Baba, mashine ikikubali, mie siendi popote," Usama alisema. "Isipokubali ntakwenda kwa mjomba. Siwezi kukaa nikawa wa kulishwa."

Mzee Nyange akasema inshaallah. Usiku ule hakula.

Tangu hapo akawa mwanafunzi wa mwanawe. Alijifunza kwamba maderbodi ni ile bodi kubwa inayoshika kila kitu humo ndani, kwamba hii yao ni ya zamani lakini inaweza kuipokea prosesa mpya zaidi ya ukoo ule ule, mradi kwanza ile programu ndogo iliyomo kwenye bodi ibadilishwe, na ibadilishwe prosesa ya zamani ikiwa bado imo. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi imekufa. Siku ya kuibadilisha, Bi Kijakazi alipiga marufuku pasi na jagi la umeme nyumba nzima, akasita hata kushona kwa mkono ile kofia yake ya viua. Mzee alikaa pembeni akisoma Yasini kwa sauti ya chini. Dakika sita. Umeme haukucheza. Usama alipogeuka na kuwaambia imekubali, mzee alitoka nje kujipangusa uso, akasingizia joto.

Prosesa mpya ilikuja na mtu kutoka Unguja, ndani ya kiboksi kidogo kuliko cha biskuti. Alhamisi asubuhi Usama akaifungua mashine. Alipolivuta lile pande la chuma la kupozea, prosesa ya zamani ikang'oka nalo, imeganda kwa ile dawa ya kijivu inayopakwa baina yao. Mwenye mashine wa mwanzo alikuwa ameipaka kama siagi juu ya mkate. Ilikuwa imefurika, ikakaukia mpaka ukingoni mwa kile kitako cha bodi inapokaa prosesa, pale penye matundu zaidi ya elfu moja, madogo kama vinyweleo.

"Hii inataka spiriti kali," Usama alisema. "Nakwenda Chake mara moja, narudi."

Akaifunika bodi kwa kanga ya mama yake, akaondoka. Hakusema isiguswe. Nani angefikiri kusema?

Mzee Nyange alibaki nayo. Aliinua kanga akaangalia. Siku zote hizi kila kitu cha mashine ile kilikuwa kigeni kwake, na sasa, kwa mara ya kwanza, aliona kazi anayoijua. Uchafu uliokauka. Akilini alimwona Usama anarudi na jua lile, anainua kanga, anakuta pametakata. Akaenda kuchukua chupa.

Na mafuta yalifanya kazi. Tone la kwanza liliilainisha ile dawa ngumu mara moja, mpaka mzee akatabasamu peke yake. Tone la pili likaifanya uji. Uji ule mwembamba wa kijivu ukatafuta njia, ukatambaa kutoka ukingoni, ukaanza kuingia matunduni. Mzee akapangusa kwa pamba. Pamba ikausukuma ndani zaidi. Matundu yalikuwa yakiziba safu kwa safu mbele ya macho yake. Akaenda barazani akachukua sindano ya kofia. Bi Kijakazi alipomuuliza inakwenda wapi, alisema anairudisha sasa hivi. Akainama na miwani yake akichokoa tundu moja moja, kama anavyofanya mkewe kwenye vijitundu vya viua, na kila alipochokoa alisikia kitu kidogo sana kinasogea chini ya ncha. Hakujua kwamba ndani ya kila tundu kuna kijibati kama unywele, na kwamba ndicho anachokipinda.

Usama aliisikia harufu tangu mlangoni. Alisimama na kichupa cha spiriti mkononi.

"Umetia mafuta, baba?"

"Kidogo tu. Yalikuwa yanatoka vizuri."

Kijana alikaa chini mbele ya bodi. Mzee alingoja ghadhabu, aliitaka hasa, maana ghadhabu ingempa pa kuomba radhi. Haikuja. Usama alianza kusafisha, taratibu, kwa spiriti na mswaki, siku ile na siku ya pili yake. Alipoitia prosesa mpya, feni zilizunguka, taa zikawaka rangi zote, na kioo kikabaki cheusi. Akarudisha ile ya zamani. Kioo cheusi. Fundi wa Chake alitazama kwa kurunzi akacheka kidogo kabla hajaona uso wa Usama, akasema bodi za namna ile hazishuki tena kwenye makontena, na zinazokuja sasa hazipokei prosesa ile. Ya kuagiza China ingechukua miezi miwili. Mwezi ulikuwa umebakisha siku tisa.

Usama alimpigia mjomba wake siku hiyo hiyo.

Wiki ya safari, mzee alimfuata chumbani akamkuta anakunja nguo. Alikuwa ameyapanga maneno yake ya kuomba radhi tangu alfajiri, lakini Usama alimtangulia.

"Ningekwenda tu, baba. Hata ingewaka."

"Hungekwenda."

"Ningekwenda," Usama alisema, akaendelea kukunja shati lile lile alilokwisha kulikunja.

Mzee aliona kwamba mwanawe anamdanganya kwa huruma, na huruma ile ilimkalia kifuani kuliko tusi lolote ambalo angetukanwa. Alimshikia begi mpaka Mkoani, na bandarini waliagana kama watu, mkono na dua.

Sasa Usama hupiga simu Ijumaa. Huzungumza na mama yake kirefu: unga, joto la matanuri, chumba wanacholala watu wanane. Kisha simu hupewa mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula, alhamdulillahi."

"Kazi?"

"Kazi nzuri. Nyie mvua mmepata?"

"Tumepata."

Hapo mzee huyakusanya yale maneno yake, yapo yote, hakupoteza hata moja. Simu imo sikioni, mtandao ni mzuri, anamsikia mwanawe anavuta pumzi huko Maskati. Bi Kijakazi, ambaye hatazami, hushona polepole ili asimharakishe.

"Haya, baba," Usama husema. "Wanaamka wenzangu."

"Haya," mzee husema, na kuirudisha simu kwa mkewe.